La Prose du Transsibérien: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kitabu cha mita mbili

Mazungumzo ya vitabu vya wasanii yakianza, hayachukui muda kufika kwenye kitabu hiki cha Paris cha mwaka 1913. Wengi wamekiona kwenye picha tu, kimenyooshwa ukutani kama mchoro, na maswali yao huanzia hapo. Tumeyapanga kuanzia yale ya mgeni kabisa hadi ya mtu aliyekutana na nakala na hajui aifanyeje.

## Mambo ya msingi

Hiki ni kitabu gani hasa?

Ni shairi moja la Kifaransa lenye mistari zaidi ya 400, lililochapwa kwenye karatasi moja ndefu, huku rangi zikishuka ubavuni mwake kutoka juu hadi chini. Jina kamili ni *La Prose du Transsibérien et de la petite Jehanne de France*, yaani nathari ya Transsibérien, reli inayovuka Siberia, na ya Jehanne mdogo wa Ufaransa. Maneno ni ya Blaise Cendrars, rangi ni za Sonia Delaunay. Mchapishaji ni Cendrars mwenyewe, kwa jina la Les Hommes Nouveaux, anwani yake namba 4, rue de Savoie, Paris.

Kikikunjuliwa kina urefu wa karibu mita 2 na upana wa sentimita 36 hivi. Kikikunjwa kinaingia kwenye mfuko wa koti. Hakina kurasa za kufunua moja baada ya nyingine, na hapo ndipo ubishi wa kama kweli ni kitabu huanzia. Mimi nasema ni kitabu: kina jalada, kina mwanzo na mwisho, kinashikwa kwa mikono miwili, na kinasomwa.

Cendrars na Sonia Delaunay ni akina nani?

Cendrars alizaliwa mwaka 1887 kwa jina la Frédéric Sauser huko La Chaux-de-Fonds, mji wa mafundi saa nchini Uswisi. Akiwa kijana alipelekwa Saint Petersburg kufanya kazi kwa mfanyabiashara wa Kiswisi wa saa na vito, na alikuwa huko miaka ya vita vya Urusi na Japani na ya mapinduzi ya 1905. Baadaye alivuka kwenda New York, akarudi Paris mwaka 1912 na shairi lake *Les Pâques*.

Sonia alizaliwa mwaka 1885 katika familia ya Kiyahudi kwenye nchi ambayo leo ni Ukraine, akalelewa Saint Petersburg na mjomba wake Henri Terk, akasomea uchoraji Ujerumani, kisha akahamia Paris. Mwaka 1910 aliolewa na mchoraji Robert Delaunay. Mwaka 1911 alimshonea mwanawe mchanga blanketi la vipande vya vitambaa, na blanketi hilo limo leo katika mikusanyo ya makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa, Paris. Anayetaka kuelewa rangi za kitabu hiki aanzie kwenye blanketi hilo: vipande vinavyopakana bila kuonyesha sura ya kitu chochote, kila kimoja kikipata nguvu kutoka kwa jirani yake.

Walikutana Paris, katika duara la marafiki wa mshairi Guillaume Apollinaire. Sonia aliposoma *Les Pâques* aliitengenezea jalada la vipande vya karatasi za rangi. Kutoka hapo hadi kazi hii ya pamoja hazikupita hata miezi mingi.

Mtunzi Mswisi, msanii kutoka Urusi. Mbona kinaitwa cha Kifaransa?

Kwa sababu lugha yake ni Kifaransa, kilizaliwa Paris, na shairi lenyewe linaishia Paris. Cendrars alipata uraia wa Ufaransa mwaka 1916, baada ya kupoteza mkono wake wa kulia vitani mwaka 1915. Sonia naye aliishi Paris sehemu kubwa ya maisha yake na alifariki huko mwaka 1979. Lakini ni kweli kwamba kitabu hiki kisingetoka kwa Wafaransa wawili waliokulia Ufaransa: wote wawili walikuwa wameishi Saint Petersburg.

Kwa nini kiitwe *Prose* ilhali ni shairi?

Cendrars alieleza kwenye barua yake ya mwaka 1913 kwamba neno la shairi aliliona lina majivuno na limejifungia. Alitaka kitu kilicho wazi, cha watu wote. Zaidi ya hapo si lazima kutafuta.

## Shairi lenyewe

Linasimulia nini?

Kijana wa miaka 16, naye anaitwa Blaise, yuko Moscow, mji wenye minara isiyohesabika na stesheni saba za treni. Asubuhi moja ya Ijumaa, mwezi wa Desemba, anaondoka na mfanyabiashara wa vito anayekwenda Harbin, mji wa kaskazini mashariki mwa China. Wamebeba makasha 34 ya vito vya Pforzheim, mji wa Ujerumani, kijana amepewa bastola, na raha yake ya kulinda mali hiyo ni ya mtoto kabisa.

Ndani ya behewa yumo pia Jehanne, msichana wa Montmartre, mtaa wa Paris, anayeishi kwa kuuza mwili. Kila baada ya muda anauliza swali lilelile: niambie, Blaise, tuko mbali sana na Montmartre? Blaise anamtuliza kwa kumsimulia visiwa na nchi za joto ambazo hawatazifika. Msichana anasinzia, treni inaendelea.

Kisha shairi linageuka. Zinaanza kuonekana treni nyeusi zinazorudi kutoka Mashariki ya Mbali, zimejaa askari majeruhi, waliokatwa viungo, waliorukwa na akili. Ni vita vya 1904 na 1905. Mistari inakuwa mifupi, sauti za magurudumu zinaingia ndani ya maneno, na msimulizi anakiri mara kwa mara kwamba yeye ni mshairi mbaya, asiyejua kufika hadi mwisho wa jambo. Treni inasimama Harbin. Halafu ghafla tuko Paris, usiku, mbele ya Mnara wa Eiffel na Gurudumu Kubwa, lile la kuwapandisha watu hewani kwa burudani.

Miaka miwili baada ya kuwaandika waliokatwa viungo, Cendrars alikatwa mkono. Siwezi kuisoma tena sehemu ya zile treni nyeusi bila kulikumbuka hilo.

Je, alisafiri kweli kwa treni hiyo?

Hakuna uthibitisho. Kwamba aliishi Saint Petersburg ni jambo la hakika. Kwamba alipanda Transsibérien hadi Harbin ni yeye tu aliyesema, na alipenda kukuza habari za maisha yake. Inasimuliwa kwamba mwandishi wa habari Pierre Lazareff alipomuuliza, alijibu kwa maana ya kuwa haijalishi, maadamu amewapandisha wasomaji wote. Kwangu jibu hilo linatosha.

Nisipojua Kifaransa nitakifurahia?

Nusu yake, ndiyo. Macho yatapata rangi, mpangilio wa herufi na mteremko mzima. Lakini usiridhike na hapo. Tafuta tafsiri ya lugha unayoisoma, uipitie mara moja kwa sauti, kisha urudi kwenye picha ya kitabu. Utaona mahali ambapo herufi zinanenepa na mahali ambapo rangi zinapoa, na utajua kwa nini.

## Karatasi, rangi na herufi

Kimekunjwaje?

Karatasi nne zimechapwa, zikagundishwa ncha kwa ncha zikawa moja. Hiyo ndefu inakunjwa kwanza katikati kwa urefu wake, kama suruali inavyokunjwa mguu juu ya mguu, kisha inakunjwa marinda hadi kubaki kipande chembamba cha vipande 22 vilivyolaliana, chenye urefu wa sentimita 18 hivi. Kipande hicho kinaingia ndani ya jalada la ngozi lililopakwa rangi na Sonia kwa mkono.

Ukifungua, kichwani mwa karatasi unakutana na jina la kazi na ramani ndogo ya njia ya reli. Mkono wa kulia maneno yanashuka, mkono wa kushoto rangi zinashuka, na mahali popote mstari wa shairi ulipoacha nafasi tupu, rangi nyepesi zimejaa hapo pia. Ile ramani ya kichwani ina kazi yake: unaambiwa njia yote kabla hujaondoka, kisha maneno yanakupoteza.

Rangi ziliwekwaje? Ni uchapaji au ni mkono?

Herufi zilichapwa kwa mtambo. Rangi za mchoro zilipakwa kwa mkono, nakala moja moja, kwa stenseli.

Kazi huenda hivi. Msanii anatoa mchoro wa mfano. Fundi anauchambua: buluu hii ipo wapi na wapi, chungwa hili lipo wapi. Kwa kila rangi anakata bamba lake, la chuma chembamba au la karatasi ngumu, akitoboa sehemu ile tu inayotakiwa kupata rangi hiyo. Bamba linawekwa juu ya karatasi, brashi nene ya duara inachovywa kwenye rangi ya maji nzito inayoitwa guashi, na fundi anagonga au kusugua kwa kuzungusha. Anainua bamba, anasubiri rangi ikauke, analeta bamba la pili. Ni utaratibu uleule wa kuandika alama kwenye magunia ya karafuu na kahawa bandarini, ila hapa mabamba ni mengi mno na kosa dogo la kuliweka bamba linaacha ufa mweupe kati ya rangi mbili zilizopaswa kugusana.

Paris ya wakati huo ilikuwa na karakana za ufundi huu, zikihudumia hasa vitabu vya mitindo ya mavazi. Kwa kitabu hiki ulikuwa uchaguzi sahihi kabisa. Guashi iliyogongwa kwa brashi hukaa juu ya karatasi, ina mwili, na mwanga wa upande unaonyesha ukingo wake. Picha ya mtambo wa zama zile isingetoa waridi na chungwa zenye nguvu namna ile. Miaka 34 baadaye mchoraji Henri Matisse alipotaka rangi za karatasi zake zilizokatwa zibaki na ukali wake katika kitabu cha *Jazz*, alitumia stenseli na guashi vilevile.

Mbona herufi hazifanani?

Kwa makusudi. Zimetumika aina nyingi za herufi, kubwa na ndogo, nene na nyembamba, na wino wa rangi tofauti: buluu, kijani, nyekundu, chungwa. Baadhi ya beti zimeegemea kushoto, nyingine kulia. Hakuna anayekuambia kwamba hapa usome kwa nguvu na pale unong'one, lakini utafanya hivyo. Shairi limetolewa heshima kwa wanamuziki, na ukurasa wenyewe umepangwa kwa sikio.

"Kitabu cha kwanza cha simultané" maana yake nini?

Simultané ni neno la Kifaransa la "kwa wakati mmoja", na ndivyo wenyewe walivyokitangaza. Wazo linatoka kwa mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyekuwa akisimamia upakaji rangi nyuzi kwenye karakana za mazulia za Gobelins, Paris. Mwaka 1839 alichapisha uchunguzi wake: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja inabadilisha jinsi ile nyingine inavyoonekana. Robert na Sonia Delaunay walilifanya hilo kuwa msingi wa uchoraji wao.

Kwenye kitabu, maana yake ni kwamba maneno na rangi vinafika pamoja, kwa mtazamo mmoja. Apollinaire aliliandika vizuri mwaka 1914: jicho linazoeshwa kulisoma shairi zima kwa mara moja, kama kiongozi wa okestra anavyozisoma noti zilizopangwa juu na chini kwa wakati mmoja. Dai la kuwa wa kwanza lilizua ugomvi mkubwa magazetini wakati ule, kwani mshairi Henri-Martin Barzun naye alikuwa akidai usimultané ni wake.

Mbona sioni treni kwenye mchoro?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu aliyeliuliza ametazama kweli.

Treni haipo. Jehanne hayupo, Siberia haipo, majeruhi hawapo. Kuna matao, mapande na duara za rangi zinazopinda na kusukumana kuelekea chini. Kitu pekee kinachotambulika kiko mwishoni kabisa, upande wa kushoto: mnara mdogo mwekundu wa Eiffel na duara la gurudumu. Yaani jicho, likianzia juu, linapita mita nzima na zaidi bila kupewa kitu cha kushika, na linapofika Paris tu ndipo linapokitambua kitu, pale pale ambapo maneno ya kulia nayo yanataja Mnara.

Sonia hakulichorea shairi picha. Alisafiri nalo sambamba kwa njia yake. Ndiyo maana nawasihi watu wasikiite kitabu hiki shairi lenye michoro. Ukiondoa rangi unabaki na shairi zuri. Ukiondoa maneno unabaki na mchoro mzuri. Lakini ile safari ya pamoja inakwisha.

## Idadi na uhaba

Zilitengenezwa nakala ngapi?

Zilipangwa 150: nane kwenye ngozi, 28 kwenye karatasi ya Japani, na 114 kwenye karatasi ya kuiga ile ya Japani. Zilizokamilika hazikufika huko. Makadirio mengi yanataja kati ya 60 na 100. Kupaka rangi kulikwenda polepole, wanunuzi hawakuwa wengi, na Agosti 1914 vita vikaanza.

Kwa nini 150? Walitaka kiwe adimu?

Hapana, na hapa ndipo wakusanyaji wengi wanapopotoka. Zidisha mita 2 kwa 150, utapata 300, karibu urefu wa Mnara wa Eiffel wakati ule. Nakala zote zikinyooshwa na kuunganishwa zingefika kileleni, na tangazo lao lilisema hivyo waziwazi. Idadi hiyo ni sehemu ya shairi: toleo zima lilikusudiwa liwe mnara. Uhaba tunaouona leo umeletwa na vita na ukata.

Nakala zote ni sawa?

Hapana. Kwa kuwa mkono ndio uliopaka, waridi ya nakala moja ni nzito kuliko ya nyingine, na mipaka ya rangi husogea kidogo. Aina ya karatasi nayo inabadilisha mng'ao. Majalada hayalingani, na baadhi ya nakala zimeshapoteza ya kwake. Zipo pia zilizonyooshwa na kuwekewa fremu, jambo linaloleta tatizo tunalolieleza kwenye swali la mwisho.

Kina tofauti gani na vitabu vingine vya fahari vya ushairi wa Kifaransa?

Njia ya kawaida ilikuwa ya wafanyabiashara kama Ambroise Vollard, aliyechukua mashairi ya Paul Verlaine, *Parallèlement*, akampa mchoraji Pierre Bonnard ayawekee michoro, akakitoa kitabu mwaka 1900. Ni kazi ya kupendeza sana, na michoro ya Bonnard inathubutu kuingia katikati ya beti. Lakini mshairi alikuwa ameshafariki, na mwenye wazo alikuwa mwenye fedha. Hapa mshairi na msanii walikuwa hai, marafiki, wakifanya kazi wakati mmoja, bila bosi.

## Kukiona, kukipata, kukitafsiri

Naweza kukiona wapi?

Nakala zipo kwenye makumbusho ya Tate jijini London na MoMA jijini New York, na kwenye maktaba ya taifa, Bibliothèque nationale de France, jijini Paris, miongoni mwa nyingine. Hazioneshwi muda wote kwa kuwa mwanga unazidhuru, hivyo uliza kabla ya kufunga safari. Tovuti za makumbusho zina picha nzuri; ukitumia simu, ikuze picha na ushuke nayo polepole kutoka kwenye ramani.

Kuna toleo la kuiga ambalo mtu wa kawaida anaweza kulinunua?

Lipo. Yale University Press ilitoa moja mwaka 2008, lililokunjwa kama la asili. Na mwaka 2018 Kitty Maryatt, mchapaji wa Marekani, alikitengeneza upya kwa njia ya zamani yenyewe: herufi za kuchapa kwa mgandamizo, stenseli na guashi. Hili la pili si la bei ya kawaida, lakini ndilo linalokaribia kabisa walichokiona wasomaji wa 1913.

Nitatofautishaje ya asili na ya kuiga?

Chukua kioo cha kukuza. Kwenye nakala ya kuiga iliyochapwa kwa mtambo wa kisasa, kila rangi ni vumbi la vidoto vidogo vilivyopangwa safu. Kwenye ya asili hakuna vidoto: kuna rangi kamili yenye michirizi ya brashi, ukingo ulioinuka kidogo, na hapa na pale rangi mbili zimepandana. Geuza karatasi utafute maungio matatu ya zile karatasi nne. Hayo hayatoshi kununulia; bado utahitaji historia ya nakala, imepita mikononi mwa nani na lini.

Nataka kulitafsiri shairi kwa Kiswahili. Nahitaji ruhusa?

Inategemea unachapisha wapi. Cendrars alifariki mwaka 1961, na Ufaransa inahesabu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo maneno yake yanalindwa huko hadi mwisho wa 2031. Kwa Sonia ni hadi mwisho wa 2049, na kitabu kikihesabiwa kuwa kazi ya pamoja, tarehe inayofuatwa ni ya aliyefariki mwisho. Marekani kazi zilizochapishwa mwaka 1913 ziko huru tayari. Sheria ya Kenya ya 2001 inahesabu miaka 50. Kwa hiyo kutafsiri maneno na kuchapa Nairobi ni jambo moja. Kuweka picha za Sonia na kuuza Paris ni jambo lingine, linalotaka barua kwa wenye haki.

Ni Cendrars huyuhuyu wa *Anthologie nègre*?

Ndiye. Aliitoa mwaka 1921, mkusanyiko wa hadithi za Kiafrika, ila hakuzisikia kwa wasimulizi: alizichota kwenye vitabu vya wamisionari na wasafiri. Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuisoma kwa jicho kali. Haihusiani na kitabu hiki isipokuwa kwa jina la mtunzi.

Nimepata nakala, mikunjo imeanza kukatika. Niibandike selotepu?

Usithubutu. Gundi yake huingia kwenye karatasi, hugeuka hudhurungi, na kuitoa kunahitaji dawa zinazoweza kuyeyusha rangi. Maji nayo ni adui: guashi inafunguka ikilowa, hata miaka 100 baadaye.

Mikunjo hukatika kwa sababu kila kufungua na kufunga kunaivunja nyuzi za karatasi mahali palepale, na rangi iliyokauka juu yake hupasuka. Ndiyo maana wengine waliamua kunyoosha na kuweka fremu. Karatasi inasalimika na mikunjo, lakini rangi inakaa kwenye mwanga mchana kutwa, na waridi ndiyo ya kwanza kufifia. Makumbusho huionyesha kwa mwanga hafifu, kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa miezi michache, kisha huirudisha gizani.

Iache kama ilivyo, iweke kwenye kasha la karatasi isiyo na asidi, mbali na joto na unyevu, ipige picha pande zote mbili bila kimulimuli cha kamera, na umtafute mhifadhi wa karatasi kupitia maktaba kubwa au nyaraka za taifa kabla hujaifungua tena.